Mabishano Juu ya Mchanga

Msomaji, ukishuka kutoka huku kwetu Usangi kwenda Mwanga wakati jua limekwisha panda, yatazame mawe makubwa yaliyo kando ya njia kule chini tambarare. Huenda ukamwona mjusi kafiri dume amekaa juu ya jiwe, kichwa chake chekundu kama tofali lililochomwa, mwili wake buluu, naye anatikisa kichwa chini na juu kama mtu anayekubali kila neno analoambiwa. Huku juu, penye migomba na ukungu, humwoni kwa wingi namna hiyo. Jambo hilo dogo, yaani kwamba mjusi huyu hupenda kukaa kwenye joto, ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya, na mbele kidogo nitaeleza kwa sababu gani.

Mjusi kafiri ana jamaa yake mbali sana, katika nchi ya Australia. Wataalamu humwita Pogona vitticeps, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu alikuwa Mjerumani Ernst Ahl, mwaka 1926. Waingereza na Wamarekani humwita joka mwenye ndevu. Kwa kweli si joka, wala hana ndevu za nywele. Ni magamba yenye ncha yaliyopangika chini ya koo lake. Akiogopa au akikasirika hulitutumua koo hilo, nalo hugeuka jeusi kama masizi. Aliye mkubwa, toka pua hata ncha ya mkia, hufika kadiri ya sentimita 60. Hula wadudu, na hula majani na maua vile vile.

Katika Ulaya na Marekani watu wengi humfuga mjusi huyu nyumbani kama sisi tufugavyo paka. Msomaji asicheke. Mnyama huyu ni mpole, hukubali kushikwa mkononi, naye hukesha mchana na kulala usiku kama mwenye nyumba. Sheria za Australia haziruhusu wanyama wa asili wa nchi ile kusafirishwa nje wakiwa hai kwa biashara. Kwa hiyo hao wanaouzwa madukani Ulaya na Marekani ni wazawa wa mijusi waliozaana humo humo vizimbani kwa vizazi vingi. Hawajapata kuiona Australia, wala wazazi wao hawakuiona.

Mjusi huyo huwekwa katika sanduku kubwa la kioo au la mbao. Upande mmoja huwa na taa ya kumpa joto, na upande wa pili huachwa uwe baridi kidogo, ili achague mwenyewe mahali pa kukaa. Katika mambo hayo wafugaji wote wamepatana. Lakini ukiwauliza, "Je, chini tumtandikie nini?" hapo ndipo vita huanza. Wako waliokuwa marafiki wakaacha kusemezana kwa ajili ya mchanga.

Kundi la kwanza husema, mtandikie mchanga. Hoja zao si za kipuuzi. Husema kwamba mnyama huyu ametoka nchi kame, na kuchimba ni desturi yake. Jike hasa hana budi kuchimba anapotaka kutaga. Asipopata mahali pa kuchimba, aweza kuyazuia mayai tumboni mpaka akaugua na kufa. Tena mchanga humpa kazi ya kufanya, hupunguza kucha zake, na kinyesi kikikauka juu yake huzolewa kwa kijiko. Nao huuliza, ni kiumbe gani angependa kukaa maisha yake yote juu ya gazeti?

Kundi la pili husema, mchanga ni mauti. Mjusi huyu hukamata chakula kwa ulimi unaonata. Akimrukia panzi, huokota panzi pamoja na mchanga uliomzunguka. Mchanga wa kawaida sehemu yake kubwa ni silika, na silika haiyeyuki tumboni hata ikae mwaka mzima. Basi ukizidi kujikusanya, utumbo huziba. Mjusi haendi choo, hakubali chakula, tumbo huwa gumu, na miguu ya nyuma hulegea. Wadogo ndio walio hatarini zaidi kwa kuwa utumbo wao ni mwembamba. Tena, husema watu hawa, mchanga ni vigumu kuusafisha. Mijusi hawa hushikwa sana na vijidudu vya koksidia, jamaa ya vile vinavyowaharisha vifaranga wetu damu, na kila mfuga kuku ajua jinsi matandiko machafu yanavyoueneza ugonjwa huo. Kwa hiyo wao hutandika magazeti, au vigae, au kitu kingine ambacho hakimezeki.

Huenda msomaji akauliza, mbona kuku humeza mchanga na vijiwe kila siku, wala hafi? Jibu ni kwamba kuku ana firigisi. Ile nyama ngumu huvitumia vijiwe kama meno, kusagia mahindi na mtama. Mjusi hana firigisi ya namna hiyo. Ana meno yake kinywani, na kijiwe hakina kazi tumboni mwake. Kwa hiyo mfano wa kuku haumsaidii mtu wa mchanga. Lakini hauthibitishi pia kwamba mjusi akimeza chembe chache atakufa, kwa maana kitu kisicho na kazi tumboni chaweza kupita tu na kutoka.

Wenye maduka nao hawakukaa kimya. Walipoona watu wanauogopa mchanga, wakatengeneza mchanga wa kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kilichomo katika mawe ya chokaa na maganda ya mayai. Wakautia rangi nzuri na kusema, huu hata ukimezwa hauna neno, utayeyuka tumboni, tena utamtia mjusi nguvu ya mifupa. Maneno haya yana ukweli nusu, na sisi wanafunzi wa kemia twaweza kuyapima. Ukimwaga asidi ya hidrokloriki juu ya kipande cha chokaa, povu hutoka, chokaa huliwa, na hewa ya kaboni dayoksaidi huruka. Asidi ya tumboni ni hiyo hiyo. Lakini tia chokaa nyingi katika asidi kidogo, utaona povu linakoma na chokaa imebaki chini. Asidi imekwisha. Ndivyo iwezavyo kuwa tumboni mwa mjusi: mchanga uliozidi haukuyeyuka, na asidi iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kumeng'enya panzi imetumika bure. Tena mjusi aliyepungukiwa kalsiamu aweza kuula mchanga huo kwa makusudi, kama mama mjamzito alavyo udongo. Kwa sababu hizo wafugaji wengi wa makundi yote mawili huukataa mchanga huu wa duka, na hilo ni moja katika mambo machache waliyopatana.

Liko na kundi la tatu. Hawa hawasemi mchanga ni mwema wala ni mbaya. Husema kwamba mjusi mzima wa afya akimeza chembe chache za mchanga, zitatoka pamoja na kinyesi. Anayezibwa utumbo mara nyingi alikuwa mgonjwa tayari, na mchanga ulimkuta hana nguvu za kuusukuma. Hutaja sababu nne: baridi, ukosefu wa maji, ukosefu wa mwanga unaofaa, na upungufu wa kalsiamu.

Yafaa tuzitazame sababu hizo moja moja. Mwili wa mjusi hautengenezi joto la kutosha kama mwili wetu. Hulipata nje, kwa jua na kwa mawe. Joto likipungua, kila kazi ya mwili wake hupungua mwendo, na kumeng'enya chakula ni mojawapo. Ndiyo maana mahali pa kuotea joto, chini ya ile taa, wafugaji hutaka pafike kadiri ya digrii 40 za Sentigredi. Maji yakikosekana, kinyesi hukauka na kuwa kigumu. Mwanga nao una kazi yake, maana ile mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu iliyo katika chakula haishiki mwilini. Kioo cha dirisha huizuia sehemu kubwa ya mionzi inayotakiwa kwa kazi hiyo, hata chumba kikionekana kina mwanga mwingi. Kalsiamu pia si ya mifupa peke yake. Misuli haiwezi kujikaza vema bila hiyo, na utumbo husukuma chakula kwa misuli. Mjusi aliyekosa vitu hivyo, hata ukimtandikia hariri, chakula kitakwama.

Sasa nitaeleza la kwetu. Mwaka jana, tulipokuwa Kidato cha Tatu, mwenzetu mmoja alirudi kutoka tambarare na mjusi kafiri dume ndani ya boksi. Ilikuwa Juni, wakati wa kipupwe. Tukamtia katika sanduku la kioo karibu na dirisha. Baadhi yetu tulikuwa tumesoma habari za mabishano haya ya Ulaya, basi nasi tukaanza kubishana, mchanga au karatasi. Tulikuwa tisa. Tukapiga kura, mchanga ukapata kura tano, karatasi nne. Mimi nilikuwa mkubwa wa watu wa karatasi. Wenzetu wakaenda mtoni, wakauosha mchanga, wakauchekecha kwa chandarua kibovu, wakautandika vizuri sana.

Siku ya kwanza mjusi alikula panzi wawili. Siku ya tatu alikataa. Rangi yake nzuri ikafifia, kichwa kikawa cha kahawia na mwili wa kijivu. Kila asubuhi tulimkuta amelala pale pale tulipomwacha jana. Siku ya tisa tukamkuta amekufa. Sitaficha jambo, maana ndilo lililoniuma baadaye: nilipomwona amekufa, neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa, "Niliwaambia!" Nilifurahi kushinda, na mnyama yu maiti mbele yangu.

Mwalimu wetu wa biolojia alimpasua mbele yetu. Ndani tuliwakuta panzi, miguu yao yaonekana dhahiri, karibu vile vile walivyomezwa siku ya kwanza. Mchanga ulikuwapo, lakini chembe chache tu, za kuhesabika, wala hazikuziba njia. Watu wa mchanga wakasema, "Mnaona? Hazikuziba." Sisi wa karatasi tukasema, "Lakini zimo!" Mwalimu hakusema nani ameshinda. Aliuliza tu, "Ndani ya sanduku mlikuwa na joto kiasi gani?" Hakuna aliyejua. Tulikuwa na kipimajoto kabatini, hatua kumi kutoka pale, na siku zote tisa hakuna aliyekwenda kukitwaa.

Tukakitia kipimajoto katika sanduku tupu kwa juma moja. Alfajiri kilisoma digrii 14, mara nyingine 13. Adhuhuri, siku iliyokuwa njema kuliko zote, kilisoma 22. Lakini jiwe la kule tambarare wakati wa saa sita huwezi kulikanyaga kwa mguu mtupu. Basi tulimtoa mnyama katika tanuri lake tukamtia katika ukungu wetu, halafu tukagombana juu ya zulia wakati nyumba haina moto. Mjusi mmoja si ushahidi wa kutosha katika elimu, lakini wale panzi wazima walitosha kunionyesha kwamba tumbo lake lilikuwa limesimama kazi. Nami nasadiki kwamba kama kura ingetoka upande wangu, angekufa vile vile juu ya karatasi, na wenzangu wa mchanga ndio wangesema, "Tuliwaambia!" Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Tangu hapo nimefikiri sana kwa nini mabishano haya hayaishi. Naona sababu moja kubwa ni jinsi watu wanavyoleta ushahidi. Mmoja husema, "Mimi nimemfuga wangu juu ya mchanga miaka minane, naye ni mzima." Mwingine husema, "Wangu alikufa, na daktari wa mifugo alikuta mchanga tumboni." Wote wawili wasema kweli, wala hapana anayemshinda mwenzake. Yule wa kwanza hana habari za mijusi ya majirani waliokufa. Yule wa pili hajui kwamba huenda hata mijusi wazima wana mchanga kidogo tumboni, kwa maana watu humpasua aliyekufa, hapana ampasuaye mzima ili atazame. Ukitaka kujua kweli, yafaa uwatwae mijusi wengi wa umri mmoja, uwape joto lile lile, chakula kile kile na mwanga ule ule, nusu uwatandikie mchanga na nusu karatasi, kisha uhesabu. Kubadili jambo moja tu na kuacha mengine yakae sawa ndiyo kanuni tunayofundishwa maabarani tangu Kidato cha Kwanza. Ni rahisi kuikariri kwa mtihani, na ni vigumu kuikumbuka wakati wa ugomvi.

Sababu ya pili ni neno "asili". Watu wa mchanga hupenda kusema, huo ndio udongo wake wa asili. Lakini sehemu nyingi anazokaa mjusi huyu huko Australia si kama ufuko wa Bahari Hindi. Ni udongo mwekundu ulioshindiliwa kwa jua, umechanganyika na mfinyanzi, mawe na vichaka, na mwenyewe hupenda kupanda juu ya magogo na nguzo za ua. Ndiyo maana siku hizi wafugaji wengine huchanganya udongo na mchanga, wakaulowesha na kuushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya nyumba ya udongo. Juu ya sakafu hiyo mjusi aweza kutembea bila kuokota punje nyingi, na jike aweza kuchimba. Wengine humlea mtoto juu ya karatasi mpaka akue, na jike mwenye mimba humpa beseni la udongo mbichi wa kutagia. Naona hao wamesikiliza pande zote mbili.

Wala si vema kutoa hukumu moja kwa wanyama wote wenye magamba. Katika nchi kavu za Kenya na kaskazini ya Tanzania yuko nyoka mfupi mnene, asiye na sumu, aitwaye na wataalamu Eryx colubrinus. Huyo hujifukia mchangani akaacha macho na pua tu, akingoja panya apite. Kwake mchanga ni kitanda na ni mtego. Yuko kobe bapa, ambaye gamba lake ni jepesi na hunyumbuka, naye hujibana katika nyufa za miamba. Huyo hataki mchanga bali ufa. Na katika misitu ya milima yetu ya Upare wako vinyonga wa jamii ya Kinyongia, jina ambalo wataalamu walilitoa mwaka 2006 kutokana na neno letu la Kiswahili. Hao huishi juu ya matawi, tena wamezoea baridi yetu; ukiwatia kwenye joto la mjusi kafiri utawaua. Kila mmoja aulizwe kwa jinsi yake.

Mabishano haya hayako mbali nasi kama yaonekanavyo. Kwa miaka mingi vinyonga, kobe na mijusi wa Tanzania walipakiwa ndegeni kwenda kuuzwa katika maduka yale yale ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka 2019 mataifa yalipatana kukataza biashara ya kimataifa ya kobe bapa waliokamatwa porini. Mwalimu alitukumbusha pia kwamba mnyama wa porini ni mali ya taifa, na kumkamata kunataka kibali, jambo ambalo sisi tisa hatukulifikiri hata kidogo tulipolifungua lile boksi kwa furaha. Mjusi wa Australia aliyezaliwa kizimbani aweza kuishi kizimbani miaka mingi akitunzwa vema. Mjusi kafiri wa jiwe la Mwanga alikuwa na kila kitu alichokihitaji, naye hakuwa amemwomba mtu chumba.

Basi, wenzangu, ikiwa mmoja wenu atakuja kufuga mnyama wa namna hii, au kuku, au sungura wa shule, nawaomba mkumbuke mambo mawili. Kwanza, kabla ya kubishana juu ya matandiko, kapimeni joto, kateni kiu yake, na mtazame anakula nini na anakwenda choo lini. Pili, mkibishana, mwekeni mnyama katikati yenu mpate kumwona, maana yeye ndiye atakayelipa deni la kosa lenu. Lile sanduku la kioo liko bado maabarani. Siku hizi limejaa miche ya maharage kwa somo la ukuaji wa mimea, na kipimajoto kimefungwa ndani yake kwa uzi.